Sheria ni Msumeno, Hata Ndani ya Seva

Wahenga walituachia msemo kwamba sheria ni msumeno: hukata mbele na nyuma. Mwaka huu nimeuona ukweli wake mahali nisipoutarajia. Taasisi moja hapa Mwanza ilinialika katika kamati ndogo iliyokuwa ikiandika sera ya ulinzi wa seva ya tovuti yake. Mafundi walishika kompyuta. Mimi, mhadhiri wa siasa, nilitakiwa kuuliza maswali.

Katika mpango wa kawaida, mwenye faili ndiye anayeamua nani alisome. Akitaka, hulifungulia kila mtu kwa amri moja. Udhibiti wa lazima haukubali utaratibu huo. Katika SELinux, ulinzi uliomo ndani ya mfumo endeshi wa Linux, kila faili na kila programu hubandikwa lebo, na sera hutamka lebo ipi iguse ipi. Kisichoruhusiwa waziwazi kimekatazwa. Programu ya tovuti husoma kurasa zenye lebo ya maudhui ya tovuti. Pale inapolazimika kuandika, kama kupokea nyaraka za waombaji, lebo huwa nyingine. Karani akihamishia kwenye tovuti, kwa bahati mbaya, orodha ya wanafunzi wanaodaiwa ada, faili lile huja na lebo yake ya zamani, na seva hukataa kulionyesha.

Kwa hiyo katika kila mstari tuliuliza swali moja: programu hii inahitaji nini ili itimize kazi yake? Cheo cha mwenye faili hakikuwa hoja.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka ngazi ya juu. Ofisi fulani iondolewe katika masharti, kwa sababu yanachelewesha kazi na watumishi wake wanaaminika. Nilijibu kwamba uaminifu wa mtu ni sifa yake mwenyewe. Hauwezi kuwa kinga ya mwanafunzi ambaye namba yake ya simu na deni lake vimo katika faili hilo. Baada ya mabishano tuliafikiana: msamaha uombwe kwa maandishi, utaje sababu, na uwe na tarehe ya kukoma.

Hata hivyo sera nzuri yaweza kuwa pambo. Mfumo huu una hali mbili za kazi. Katika hali ya kwanza, sera hutekelezwa. Katika ya pili, ukiukaji huandikwa kwenye daftari tu, na lililokatazwa hupita. Hali ya pili inafaa kwa majaribio. Hatari huja pale majaribio yanapogeuka kuwa desturi, kwa kuwa hakuna anayelalamika na kazi zinakwenda.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaijua hali hiyo bila kufundishwa na kompyuta. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, walikufa watu zaidi ya 220. Kikomo kilikuwepo katika maandishi. Hakuna kilichomzuia abiria wa 102 kupanda.

Wanaharakati wataniuliza: je, udhibiti wa lazima si silaha ya watawala? Yaweza kuwa. SELinux yenyewe ilibuniwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani. Lakini mwezi Desemba 2000 shirika hilo liliweka msimbo wake hadharani, na tangu hapo yeyote mwenye ujuzi anaweza kuukagua. Kanuni inayombana kila mtu inapaswa kusomeka na wale inaowahusu, na impate mkubwa kama inavyompata mdogo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililofanya zikusanywe. Kusudi hilo halitajilinda lenyewe ndani ya seva. Ewe mtumishi wa umma, nenda kwa fundi wa ofisi yako umuulize: sera yetu inazuia, au inaandika tu?