Kiuno cha suruali kilivyonidanganya

Nilikwenda kwa fundi wangu wa nguo anishonee suruali ya kuvaa katika harusi ya shemeji yangu. Mzee huyo alinizungushia utepe, akasita, kisha akaniuliza mbele ya wateja wengine: "Kijana wangu, nikupime kiuno ama nikupime tumbo?"

Watu waliangua kicheko. Nami nilicheka, lakini moyoni nilichomeka. Kwa miaka minane nilikuwa nikijigamba kwamba navaa suruali ya inchi 34, sawa na ile niliyovaa nikiwa chuoni. Kumbe mshipi nilikuwa nikiuteremsha mwaka baada ya mwaka, hadi ukatua chini ya kitambi. Kiuno cha suruali hakikuongezeka kwa sababu kilikuwa kimehama!

Je, msomaji, wako uko wapi?

Usiku huo nilimkumbuka marehemu baba. Kitambi chake kilimpa heshima mtaani. Kila aliyekiona alisema mambo yake ni mazuri. Hakuna aliyemshauri akapimwe. Ugonjwa wa sukari uligunduliwa baada ya kidonda cha mguu kukataa kupona, na mguu huo ukakatwa.

Kesho yake nilipanda mizani kwenye duka la dawa: kilo 76. Urefu wangu ni sentimita 168. Wataalamu husema chukua kilo zako, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huo huo. Mimi nilipata 26.9. Kwa mtu mzima, kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 huo ni unene wa kupindukia. Nikajifariji kwamba nimevuka mpaka kidogo tu.

Hesabu hiyo inatokana na kazi ya Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, ambaye hakuwa daktari. Ina faida yake, lakini haitofautishi misuli na mafuta, wala haikwambii mafuta yamekaa wapi. Mwanamasumbwi na mlevi wa nyama choma wanaweza kupata jibu moja! Na mafuta yanayotisha zaidi ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na matumbo. Hayo ndiyo yanayohusishwa sana na ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Kwa hivyo jaribu kipimo hiki, ambacho hakina gharama. Chukua kamba yenye urefu sawa na wako, kuanzia kisiginoni hadi utosini. Ikunje mara mbili. Sasa jizungushie tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Simama wima, toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani. Ncha zikikutana, vyema. Zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako. Mwaka 2022, taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya matibabu, iliwashauri watu wazima wahakikishe kiuno hakifiki nusu ya urefu.

Binti yangu ndiye aliyenishikia kamba. "Baba, haifiki!" alisema, akiivuta kwa nguvu zake zote. Pengo lilikuwa la sentimita 13. Utepe ulisoma 97, ilhali kwa wanaume hatari huanza kupanda kiuno kinapozidi sentimita 94, na kwa wanawake 80.

Kamba si daktari, msomaji. Kazi yake ni kukusukuma uende kwa daktari. Nilikwenda kliniki, na muuguzi akakuta shinikizo la damu ni 148 kwa 94. Sukari ilikuwa sawa. Alinitaka nirudi tena, kwani kipimo kimoja hakithibitishi ugonjwa. Nilirudi, na hali ikawa ile ile. Lo! Wakati wote huo sikuwa nimehisi hata kichwa kuuma.

Tahadhari: mama mjamzito asijipime kwa kamba, nao watoto wana chati zao za ukuaji kliniki. Tena usiitumie kumcheka mtu. Aliyeaibishwa hujificha, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Siku hizi nashuka matatu vituo viwili kabla ya kufika nyumbani, nikamalizia kwa miguu. Soda nimeiacha, na dawa nameza nilivyoagizwa. Miezi saba imepita. Kamba ingali imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila mwisho wa mwezi binti yangu huichukua bila kuambiwa. Pengo sasa ni sentimita 7.

Jioni ya leo, kabla ya chakula, tafuteni kamba yenu.