Maneno Mawili ya Uhuru

Msomaji kijana, neno uhuru umelisikia tangu utotoni, katika nyimbo za shule na katika majina ya bustani na barabara, hata yamkini masikio yako yamelizoea kama sisi wakazi wa Kimbo tulivyozoea mvumo wa magari katika barabara kuu ya Thika. Neno lililozoewa mno huacha kuulizwa maana yake. Nataka tuliulize, kwa sababu waliolitumia kuidai nchi hii hawakulitumia wote kwa maana moja, na tofauti ya maana zao haijakwisha.

Asili ya neno lenyewe ni Kiarabu, nalo lilikaa pwani muda mrefu kabla ya kupanda bara. Huko pwani kinyume cha uhuru hakikuwa ukoloni; kilikuwa utumwa. Mtu huru alikuwa yule asiyemilikiwa na mtu. Unguja, mwaka 1897, Sultani alishurutishwa na Waingereza kutoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria. Mtumwa aliyetaka kuachwa huru alikwenda mahakamani kuomba, akatoka na hati. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907. Zingatia jambo moja katika habari hii: fidia ilikuwa haki ya bwana, kwa mali iliyompotea. Mtumwa hakulipwa kitu kwa miaka aliyotumikishwa, wala hakupewa shamba. Wengi wao, hati mkononi, waliamkia mashamba yale yale kuomba mahali pa kulima.

Bara, katika nchi ya Wakikuyu, palikuwa na neno jingine: wiyathi. Limetoka katika kitendo cha kutawala, likageuzwa limrudie mtendaji mwenyewe. Maana yake ni kujitawala. Lakini wazee hawakumhesabu mtu kuwa anajitawala kwa sababu tu hakuna amtawalaye. Ilimpasa awe na ithaka, yaani ardhi; aoe, ajenge, alishe wake, na awe na neno la kusikilizwa barazani. Asiye na ardhi aliweza kuota mvi naye akabaki kijana mbele ya wenzake. Kwa hiyo maneno hayo, ithaka na wiyathi, yalitajwa pamoja, na ndiyo maana wapiganaji wa misituni tunaowaita Mau Mau walijitambulisha kuwa jeshi la ardhi na uhuru. Hawakuwa wakidai vitu viwili.

Ukoloni wa Kenya uliyajeruhi maneno yote mawili kwa pamoja. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliruhusu mlowezi kukodishwa shamba kwa miaka 999. Piga hesabu mwenyewe: aliyeandikiwa mwaka ule angalilirudisha shamba mwaka 2914! Mwaka 1921 mahakama ikatamka kwamba Waafrika ni wapangaji tu wa Mfalme, wanaokaa kwa ridhaa yake. Nchi ya Ruiru na Thika, ambamo Kimbo imo, ikawa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, na aghalabu alikitia katika kibweta cha chuma akakining'iniza shingoni. Bila saini ya mwajiri katika kipande hicho hakuweza kuacha kazi na kutafuta nyingine. Mtu wa pwani angaliitambua hali hiyo mara moja, naye alikuwa na neno la kinyume chake.

Harry Thuku, kijana wa Kambui, aliyaona hayo mapema. Mwaka 1921, walowezi walipoafikiana kupunguza mshahara kwa theluthi moja, aliunda chama, akakiita cha Afrika ya Mashariki, si cha kabila lake. Aliisema kodi, alikisema kipande, alisema juu ya wasichana waliolazimishwa kwenda kuchuma kahawa. Alikamatwa mwezi Machi, 1922. Watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi, Muthoni Nyanjiru akiwatia wanaume ari, bunduki zikalia. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walihesabu zaidi.

Miaka 35 baadaye maneno hayo mawili yalitengana njia karibu sana na hapa. Tarehe 18 Februari, 1957, Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti, lisilo mbali na Kimbo. Mwezi uliofuata Waafrika wa Kenya waliwachagua kwa kura wajumbe wao wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vyao vilikuwa 8, ilhali Wazungu, ambao hawakuzidi elfu sabini katika nchi ya mamilioni, walikuwa na 14. Mtu mwenye elimu na mali aliweza kuwa na kura hata tatu. Mkikuyu alihitaji kwanza hati ya kuthibitisha utiifu wake. Madai ya kura moja kwa kila mtu yalishika nguvu toka hapo, yakashinda: madaraka tarehe 1 Juni, 1963, na bendera tarehe 12 Disemba.

Na ardhi? Katiba ya uhuru ililinda mali ya kila mtu, pamoja na ya mlowezi. Mpango wa eka milioni moja, ulioanza mwaka 1962, ulinunua mashamba ya Wazungu kwa mikopo, na mkulima aliyegawiwa akatakiwa kuulipa mkopo huo. Fidia ilikwenda tena kwa aliyekuwa akimiliki. Sisemi kwamba uhuru wa hati ulikuwa mtupu. Anayesema hivyo hajawaza uzito wa kipande shingoni. Nasema kwamba ndio uhuru uliopatikana siku ile, na kwamba wengine walikuwa wakingoja ule mwingine.

Katika chuo chetu cha ualimu, mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, ‘Mwalimu, mpangaji wa chumba kimoja Kimbo, ana uhuru au ana wiyathi?’ Nilimwambia alichukue swali hilo shuleni katika mazoezi yake ya kufundisha, na awatume watoto wakawaulize wazee wao ni lini walipata kila kimoja. Majibu mengi yalikuwa mafupi: 1963, na basi. Lakini nyanya mmoja, aliyechuma kahawa Ruiru katika usichana wake, alimpa mjukuu wake tarehe mbili. Uhuru, alisema, ulikuja na bendera, nao walicheza ngoma hadi asubuhi. Wiyathi alikipata miaka mingi baadaye, siku kampuni ya kununua ardhi, ambayo alikuwa akiilipa hisa kidogo kidogo kwa fedha za mboga, ilipomwonyesha mawe manne ya mpaka wa kiwanja chake.