Maji Maangavu ya Ngarenanyuki

Mtu aliyekulia pwani hujua maji mabaya kwa ulimi: chumvi ikizidi, unatema. Nilikwenda Ngarenanyuki kwa mara ya kwanza nikiwa na kipimo hicho tu kichwani.

Tulitoka Usa River alfajiri, tukaiacha barabara kuu ya Arusha na Moshi, tukaanza kuupandia Mlima Meru. Njia hiyo hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na wanakijiji waendao mjini hupishana na twiga na nyati kama sisi tunavyopishana na bodaboda. Mwenyeji wangu safarini alikuwa dada mtaalamu wa maabara, aliyekaa na sanduku la barafu mapajani njia nzima. Ndani mlikuwa na chupa zilizotakaswa kwa ajili ya sampuli. Sampuli ya vijidudu, alinieleza, ina saa zake. Ikipata joto, au ikilala hadi kesho yake bila kupimwa, jibu lake halifai tena.

Ukishavuka lango la Momella, msitu unakatika ghafla na vumbi la kijivu linaanza, na humo katikati ya ukavu mashamba ya nyanya yananawiri kwa maji ya mifereji. Vumbi hilo ni la volkano. Mvua inyeshayo Meru hupenya kwenye miamba ya namna hiyo, ikayeyusha madini ya floraidi, kisha ikatokeza chini kama chemchemi: maji maangavu, ya baridi, yasiyo na harufu. Niliyaonja kilulani. Sijapata kunywa maji matamu kuliko yale.

Mhudumu wa mradi alitungoja kwenye tangi. "Shikamoo baba," dada alimwamkia. "Marahaba mwanangu, karibuni," akajibu, na papo hapo akatoa daftari. Mradi ni wa chombo cha wananchi wenyewe, chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019. Daftari lilikuwa na tarehe, kiasi cha klorini iliyotiwa tangini, na kiasi kilichobaki kwenye vilula vya mwisho wa bomba. Dada alilisoma ukurasa kwa ukurasa kabla hajagusa bomba lolote. Nilimheshimu sana mzee yule. Usalama wa kijiji kizima ulikuwa mikononi mwa mtu anayepanda ngazi ya tangi na ndoo ya dawa, mvua au jua, na kuandika alichokiona.

Kwenye kilula cha mbali bomba lilichomwa kwa moto, maji yakaachwa yatiririke, ndipo chupa ikajazwa. Kisha kidonge kikatiwa kwenye kichupa kingine na maji yakageuka waridi: klorini ilikuwepo, kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, kama inavyotakiwa. Mzee alitabasamu.

Kipimo cha floraidi hutumia dawa nyekundu, ambayo hufifia kadiri madini yanavyozidi. Yetu ilipauka kabisa. Ikabidi dada ayachanganye maji yale na maji safi ya maabara, apime upya, ndipo apige hesabu. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji haya yalikipita kiwango hicho kwa mbali.

Mama mmoja aliyekuwa akijaza dumu alisogea. "Lakini mimi nachemsha kila siku, mwanangu." Dada alikaa kimya kidogo kabla ya kumjibu, nami nilielewa kwa nini. Miaka yote mama huyu amehimizwa kuchemsha, na amefanya hivyo kwa kuni za kununua. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haifi, wala haipandi na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki ikazidi kukolea. Na magadi anayotia kwenye makande ili yaive upesi huongeza nyingine. Watoto wake walikuwa wamesimama pembeni, meno yana mabaka ya kahawia. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huingia hadi mifupani, na miguu ya mtoto ikapinda matege.

Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda kwa maji ya vijijini: miligramu 8. Baadaye ikawa 4, na sasa ni 1.5. Najua sababu ya ile 8: kata nzima zingekosa chanzo halali hata kimoja. Hata hivyo naisema wazi: pale namba ya sheria ilipandishwa kwa kuwa ya maji haikushushika, na mifupa ya watoto haikusoma sheria hiyo.

Njia zipo. Ngurdoto, tuliyoipita asubuhi, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi. Huko mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo, ikasagwa chengachenga, na maji yakipita humo huiacha floraidi. Moto ukiwa mdogo maji yatanuka, ukizidi chenga hazishiki kitu. Nazo huchoka bila kuonyesha dalili, kwa hiyo chujio lisilopimwa ni sawa na kutokuwa nalo.

Mchana kamati ilikutana chini ya mti. Dada aliwapa namba zote mbili, ya klorini na ya floraidi, na mwenyekiti akaagiza ziandikwe ukutani kwenye ofisi ya chombo, zionwe na kila mlipa bili. Kisha dada akawaeleza kwamba meno hujengeka hadi kama miaka minane, basi maji ya mvua ya tangi la shule yaende kwanza kwa wadogo, ya kunywa na kupikia tu, na ya bomba yabaki kwa kufua na kuoga. Hakuna aliyepinga. Ubishi ulizuka juu ya ufunguo wa tangi: mwalimu mkuu aliutaka, akina mama wakakataa kwa sababu shule hufungwa likizo na watoto wanakunywa mwaka mzima. Tulipoondoka kuwahi maabara, akina mama walikuwa wanaelekea kushinda.