Kindu, Kabla ya Kutia Sahihi

Kindu, katika jimbo la Maniema mashariki mwa Kongo, ni mji unaoishi kwa ndege. Reli ya SNCC inayotoka kusini kupitia Kongolo inaishia hapo, na treni huja inapojaliwa. Mto Lualaba unapitika kwa boti kuelekea kaskazini hadi Ubundu, kisha maporomoko yanaufunga na mzigo hulazimika kupanda reli nyingine hadi Kisangani. Barabara zipo, lakini wakati wa mvua lori huweza kuzama kwenye tope na watu wake wakapika na kulala kando yake siku nyingi. Kwa hiyo vitunguu, viazi, dawa za hospitali, vipuri vya pikipiki na wagonjwa wanaokwenda kutibiwa mbali hutegemea njia moja ya lami ya kurukia ndege, iliyoko ukingo wa magharibi wa mto.

Baba yangu alizaliwa huko. Mimi nilizaliwa Goma, na kwa miaka yote ya utoto wangu nauli ya familia nzima haikupatikana. Nilifika Kindu kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi 2019, tayari nikiwa na leseni ya rubani wa biashara, na sababu ya safari haikuwa ukoo. Nilikuwa natafuta kampuni ya kuanzia kazi.

Wasiofanya kazi hii hudhani kwamba leseni ikishapatikana, shida imekwisha. Ukweli ni kwamba shida ndiyo inaanza. Kanuni za kimataifa zinampa kijana leseni ya biashara akiwa na saa 200 za kuruka, au 150 akisoma kwenye kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ile inayomwezesha kuwa kamanda wa ndege kubwa ya abiria, inadai saa 1,500. Kati ya hapo na hapo ni jangwa. Kampuni nyingi zinataka rubani mwenye uzoefu, na uzoefu hupatikana kwa kuajiriwa.

Nilisomea Nairobi, uwanja wa Wilson. Wenzangu Wakenya na Watanzania walikuwa na njia iliyokanyagwa na waliowatangulia: unaanza na Caravan za kupeleka watalii mbugani, unahamia ATR ya Precision Air au Dash 8 ya Jambojet, na Mungu akipenda unaishia kwenye ndege kubwa za Nairobi, Dar es Salaam au Ghuba. Kwetu Kongo njia hiyo haikunyooka. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya umeyaweka mashirika yote yenye cheti cha Kongo kwenye orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, na kijana aliyekusanyia saa zake kwetu hujibu maswali mengi zaidi akienda kuomba kazi nje. Tena kampuni hufa. Air Zaïre ilikufa. Hewa Bora, ambayo kizazi cha baba yangu kiliipanda, ilisimama mwaka 2011 baada ya Boeing 727 yake kuanguka Kisangani tarehe 8 Julai. Kampuni ikifa, ni nani atathibitisha kwamba saa ulizoandika kwenye daftari lako uliziruka kweli? Ndiyo maana nawaambia vijana wagongewe muhuri kila mwisho wa mwezi, wasingoje siku ya kuondoka.

Nilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa Kinshasa, kwenye kampuni ya ndege za jeti. Huko ningekaa kwanza ofisini, nikipanga ratiba na kukokotoa mafuta, nikisubiri zamu ya kupelekwa mafunzo ambayo hakuna aliyeweza kuniambia itafika lini. Mlango wa pili ulikuwa kampuni ndogo ya Goma yenye ndege za Let 410, zile zenye injini mbili na viti 19 ambazo watu wa mashariki wanazijua kwa mlio kabla hawajaziona. Hawa walikuwa tayari kunilipia mafunzo ya aina hiyo ya ndege, kwa sharti la mkataba wa kunifunga miaka kadhaa. Ndege za misaada, kama za MAF au zile zinazokodiwa na Umoja wa Mataifa, nilizitamani sana, ila kwa kawaida zinaomba saa nyingi kuliko nilizokuwa nazo.

Mama alitaka Kinshasa. Kwake jeti ni heshima, na Let ni msiba unaosubiri siku. Sikuweza kumkatalia kwa maneno matupu, kwa sababu watu wa Goma tumezika. Nikaiomba kampuni ndogo inichukue safari moja kama abiria, nikae mbele, niangalie kazi yao kabla ya kutia sahihi. Wakanipa kiti cha kwanza nyuma ya marubani, mlango ukaachwa wazi.

Kutoka Goma hadi Kindu ni karibu kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, na kwa Let ni saa moja na robo hivi. Uwanja wa Goma uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Lava ya Nyiragongo iliyoshuka Januari 2002 ilifunika kipande cha njia yake ya kurukia, na kwa miaka mingi marubani waliruka na kutua kwenye kilichobaki. Tulipanda polepole juu ya ziwa Kivu, tukavuka vilima vya malisho, kisha ardhi ikaporomoka na msitu ukaanza. Baada ya hapo hakukuwa na kijiji, barabara, wala uwanda ambao macho ya rubani yangeuchagua injini zikisimama.

Hakuna rada inayokuangalia huko. Marubani wanaangaliana wenyewe: kwenye masafa ya 126.9, yanayotumika katika sehemu kubwa ya anga la Afrika isiyo na uangalizi wa kutosha, kila ndege hujitangaza ilipo, kimo chake, inakokwenda na dakika itakayofika mahali fulani. Nilimsikiliza rubani msaidizi akitangaza kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiingereza. Sauti ya Antonov ikajibu kutoka mahali fulani juu ya Punia. Nilikuwa nimesoma habari hizi darasani nikazipita haraka. Kule juu nilielewa kwamba uhai wa kila aliyemo ndani ya ndege unategemea adabu ya kujitangaza, hata pale unapodhani uko peke yako.

Kamanda alikuwa mtu mzima, mwenye mvi. Alinionyesha Lualaba kwa kidole, mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, halafu akazunguka uwanja mara moja kwa chini kabla ya kutua. Nilimuuliza sababu tulipokwisha kusimama. "Mdogo wangu, hapa watu na mbuzi huvuka njia," akasema. "Na mvua ya usiku huacha maji. Mnara utakuambia hali ya hewa. Hali ya njia uione kwa macho yako."

Joto la Kindu lilitupokea mlangoni. Mji uko kwenye kimo cha mita 500 hivi, na hewa yake ni nzito ya unyevu wa msitu. Wakati wapakuzi wakishusha viazi na vitunguu, kamanda aliniambia jambo ambalo alisema kila rubani anayetua pale anapaswa kulijua. Novemba 1961, ndege mbili za mizigo aina ya C-119 za jeshi la anga la Italia, kutoka kambi ya Pisa, zilitua Kindu zikiwaletea mahitaji askari wa Malaya waliokuwa kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa. Wanajeshi wa Kikongo, waliokuwa na hofu na hasira juu ya mamluki wa Katanga, waliwadhania wageni wale kuwa ndio hao. Waitaliano 13 walikamatwa wakiwa wanakula, wakauawa. Kamanda hakunisimulia ili kunitisha. Alitaka nijue kwamba anayechagua kampuni ya kikanda anachagua na miji yake, na kwamba rubani asiyejua watu wa chini wanaogopa nini siku hiyo anaweza kutua vizuri na bado akapatwa na balaa.

Kisha ukaja upakiaji, na hapo ndipo nilipopata nilichokifuata.

Mzigo wa kurudi Goma ulikuwa mchele wa Maniema, madumu ya mawese na samaki wa kukaushwa, pamoja na abiria. Uzito wa juu wa kuruka wa ndege ile ulikuwa kilo 6,400, kila kitu ndani yake: chuma, mafuta, watu, mchele. Rubani msaidizi alisimama kwenye mizani tangu mwanzo hadi mwisho. Alimpima kila abiria na mkoba wake, hata mama mmoja aliyelalamika kwamba kupimwa hadharani ni aibu. Alimwomba radhi, akaandika, hakumruka. Akaja bwana mmoja mwenye cheo, na watu wawili nyuma yake wamebeba magunia ambayo hayakuwemo kwenye manifesti. Alisema amekwisha kuongea na bosi Goma.

Kamanda alichukua karatasi ya hesabu, akaipitia taratibu, akasema magunia yatabaki. Simu ikapigwa. Nilikuwa karibu, nikasikia sauti ya mwenye kampuni ikitoka kwa ukali. Kamanda akamsikiliza hadi mwisho, akataja joto la mchana ule, urefu wa njia, na kilo zilizozidi. "Hapana, patron. Magunia yatakuja safari ijayo." Akakata simu na kumrudishia bwana yule kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

Mabishano yakala muda. Tulipomaliza, upande wa mashariki ulikuwa umefunga weusi kutoka chini hadi juu, na radi inapiga. Katika nchi hizi za ikweta jua likishuka giza huja mara moja, na kampuni ile ilikuwa na sheria ya kutotua Goma usiku. Kamanda akatazama saa, akatazama wingu, akawaambia abiria tutalala. Mama mmoja mwenye mzigo wa samaki alilia kwa hasira. Mtoto wake alikuwa Goma hospitalini, na alikuwa ameingoja ndege kwa siku nyingi. Kamanda akamwita pembeni, akamweleza kama anavyomweleza dada yake, na akamwahidi kiti cha kwanza asubuhi. Hilo sikulisahau: kukataa kuruka kuna gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mtu asiye na kosa.

Nililala kwa baba mdogo, upande wa Alunguli. Hakuna daraja Kindu. Wilaya za Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo moja, Alunguli ng'ambo ya pili, na watu huvuka Lualaba kwa mitumbwi na kivuko. Baba mdogo alinishika mashavu akaniita jina la babu. Tulikula wali na sombe, na walinihoji hadi usiku mwingi. Nilipomweleza habari ya magunia hakushangaa na cheo cha yule bwana. Aliuliza tu: "Na huyo kamanda, kesho bado ana kazi?"

Ndilo swali ambalo sikulisikia darasani, na halimo kwenye mkataba wowote nilioonyeshwa. Kila kampuni husema kwamba kamanda ana mamlaka ya mwisho. Sheria inasema hivyo, na kitabu cha kampuni kinainakili. Tofauti huonekana wiki inayofuata, kamanda aliyekataa anapopewa safari zake kama kawaida, au anapojikuta hana zamu na hakuna anayemweleza sababu. Kampuni inayomwadhibu kimyakimya imekwisha kuwafundisha marubani wake wote la kufanya mara nyingine.

Asubuhi hewa ilikuwa safi. Mama mwenye samaki alikaa kiti cha kwanza, mimi nikakaa nyuma yake. Niliporudi Goma sikutia sahihi mara moja. Nilikwenda uwanjani tena na tena, nikinywa chai na mafundi, nikiangalia ubao wa zamu. Jina la kamanda lilikuwepo, wiki ile na iliyofuata. Mafundi waliniambia wanapoandika hitilafu daftarini, ndege husimama kweli hadi kipuri kifike, hata kama kinatoka mbali. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa Kinshasa, na ulilipwa tarehe ileile kila mwezi. Nalo niliwauliza waajiriwa, sikuuliza ofisi. Ndipo nikasaini.

Novemba mwaka huohuo wa 2019, Dornier 228 iliyokuwa ikienda Beni ilianguka kwenye makazi ya watu wa Mapendo, Goma, muda mfupi tu baada ya kuruka. Siku zilizofuata, abiria walipanda ndege zetu kimya, na hakuna aliyelalamika tena kwenye mizani. Iliniuma kwamba ilihitajika misiba ya majirani ili kilo zihesabiwe bila ugomvi.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilifika Goma na uwanja wake ukafungwa. Marubani wengi wa kizazi changu wametawanyika, na vijana wapya wanaotoka shuleni wanagonga milango migumu kuliko ile yangu. Kwao nina ombi moja. Usichague kampuni kwa ukubwa wa ndege zake wala kwa rangi ya sare. Iombe ikuchukue safari moja hadi kituo chake cha mbali, mahali ambapo bosi yuko kwenye simu tu na mzigo ni mwingi kuliko nafasi. Halafu uliza ni nani aliyekataa kuruka mara ya mwisho, na kama bado ana kazi. Wakishindwa kukutajia hata mmoja, rudisha mkataba bila kuutia sahihi, hata kama huna mwingine mkononi.