Sikupungua kwa maji ya ndimu

Wanangu, leo hakuna video. Leo ni kuandika tu, kwa sababu nikiwasha kamera najua nitaanza mizaha na hili jambo litapotelea hapo. Someni pole pole.

Mnanijua kama yule jamaa wa Mji wa Kale aliyekuwa na kilo 158 akashuka mpaka 96. Mnanijua kwa ile chalenji ya siku 30, kilomita 5 kila asubuhi, naanzia Fort Jesus. Na kila mkiniuliza nlipunguaje, jibu langu lilikuwa moja: maji ya ndimu, kuacha mahamri, na nidhamu.

Nliwadanganya. Nlifanyiwa upasuaji.

Miaka miwili iliyopita, mimi na mamangu tulipanda treni pale Miritini tukaenda Nairobi. Madaktari walikata zaidi ya nusu ya mfuko wangu wa tumbo wakautoa, wakaacha kijifuko chembamba kama ndizi. Ile sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza homoni ya njaa kwa wingi, kwa hivyo si kwamba unashiba haraka tu, hata njaa yenyewe inapungua, hasa ile miezi ya mwanzo. Pesa zilitoka wapi? Mamangu aliuza bangili zake za dhahabu, zile alizovishwa siku ya harusi yake. Mjomba akaongezea.

Sikuenda kwa sababu ya urembo. Nlikuwa na miaka 21, nina presha na sukari inapanda. Chuo nlikiacha mwaka wa pili. Mkiniuliza huwa nasema "masomo hayakuwa yangu", lakini ukweli ni kwamba vile viti vyenye kimeza cha kuandikia vilikuwa havinifunikii. Nlikuwa nasimama nyuma ya darasa najifanya napenda kusimama. Siku moja nkachoka kujifanya, sikurudi. Huku mtaani nako, tuktuk nikipanda dereva ananiambia nilipe viti viwili, watu wanacheka, na mimi nacheka nao.

Sasa kwa nini nlificha? Video yangu ya kwanza baada ya kupungua, mtu wa pili kuandika alisema: "Huyu amekatwa tumbo, hiyo ni njia ya mkato." Neno lilinichoma kwa sababu kukatwa ni kweli nlikatwa. Nkaifuta komenti. Kesho yake nkarekodi ile video ya ndimu. Ikaangaliwa kuliko zote nlizowahi kutoa.

Na chalenji ndo ikazaliwa hapo. Nataka muelewe hili vizuri. Sikuwa nakimbia kwa sababu napenda kukimbia. Nlikuwa nakimbia ili mtu yeyote asije akasema nlipata bure. Kila asubuhi nlikuwa kama nalipa deni, ila sijui namlipa nani.

Siku ya 22 mwili ukakataa.

Mtu aliyekatwa tumbo hawezi kugugumia maji. Anakunywa kidogo kidogo, funda baada ya funda, siku nzima, na akitaka kukimbia kwenye joto na mvuke huu wetu wa Mombasa lazima aanze kunywa mapema. Anahitaji protini kwanza kabla ya kitu kingine chochote kwenye sahani, la sivyo misuli inaisha pamoja na mafuta. Na vitamini anameza maisha yake yote. Haya yote nliambiwa na mtaalamu wa lishe, nkaandikiwa kwenye karatasi. Lakini mkimbiaji anayekunywa maji kama kifaranga mbele ya kamera ataulizwa maswali. Kwa hivyo nlikuwa nainua chupa nzima, naifunga kwa ulimi, koo inacheza, na tone halishuki. Mlikuwa mnaandika "mashine!" na mimi nina kiu.

Siku hiyo nlifika Mama Ngina, pale kwenye mibuyu, macho yakaingia giza. Nakumbuka simu ilianguka kabla yangu. Nlipofungua macho, mama mmoja muuza mihogo alikuwa amenifunika kichwa kwa leso yake ili jua lisinipige. Akaleta dafu. "Kunywa mwanangu, maliza." Kwa aibu nkalinywa lote kwa mara moja. Likarudi lote, mbele ya watu.

Akaniuliza, "Una nini wewe?"

Sijui kwa nini, nkamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza nje ya nyumba yetu kujua. Akanitazama, akasema, "Sasa si ungesema? Ningekumiminia kwenye kikombe." Basi. Hakuniona mwizi, hakuniona mvivu. Alitaka tu kujua anipe dafu kwa chombo gani.

Lakini mimi bado sikujifunza. Nliwaambia nyinyi nlikula kitu kibaya, nkapumzika siku mbili, nkaendelea na chalenji.

Kilichonisimamisha ni ujumbe. Msichana, kasema ana miaka 17. Aliandika: "Kaka, leo siku ya sita nakunywa maji ya ndimu peke yake kama ulivyosema. Kizunguzungu hakiishi. Mbona mimi sipungui kama wewe? Au mimi sina nidhamu?"

Nliusoma mara nyingi sana. Mtu anajilaumu kwa kushindwa kufanya kitu ambacho hata mimi sikukifanya.

Usiku huo nkamuonyesha mamangu. Mamangu si mtu wa maneno mengi. Akasoma, akanirudishia simu, akasema, "Mimi nlikuwa nakungoja tu. Kwani zile bangili nliziiba, hata uzifiche hivi?"

Hapo ndo nkaelewa. Kumbe nlipokuwa nafuta komenti za watu, nlikuwa namfuta na yeye.

Sasa tuongee kuhusu hii "njia ya mkato", maana najua mnakuja nayo.

Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni pale Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Alikuwa na wakimbiaji 41 wakipokezana kumkinga upepo na kumshikia kasi. Mbele kulikuwa na gari linalomulika mistari barabarani kumuonyesha aende kasi gani. Vinywaji aliletewa kwa baiskeli. Na kwa sababu ya msaada huo, haikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia. Sawa kabisa, sheria ni sheria. Lakini nionyesheni Mkenya mmoja aliyesema siku ile Kipchoge hakukimbia. Zile kilomita 42 ni miguu ya nani iliyozikata? Na yeye hakuficha gari wala wale wakimbiaji. Dunia nzima iliwaona.

Mimi kosa langu halikuwa kusaidiwa. Kosa langu ni kulificha gari halafu nkawaambia nyinyi mkimbie kama mimi.

Na upasuaji wenyewe si mteremko. Mwezi wa nne nywele zilikuwa zinatoka kwenye kitana. Idi ya kwanza nlikula vijiko vinne vya pilau huku sinia zima linanitazama. Ukizembea, uzito unaweza kurudi. Si kila mtu unamfaa, si kila mtu anauhitaji, na si wa kuamua kwa kuangalia video. Ni mambo ya kukaa na daktari, kupimwa, kuuliza maswali yote, hata ya kijinga.

Kwa upande wa kukimbia, sijaacha. Ajabu ni kwamba tangu niache kulipa lile deni, nimeanza kupenda. Zamani nlikuwa natazama saa tu. Siku hizi nasikia bahari. Nikipita Ndia Kuu alfajiri, wazee wanatoka msikitini, mmoja huniambia, "Leo umechelewa, Bonge." Jina halijabadilika na kilo hazipo, na mwenyewe nimeshalizoea.

Ile video ya ndimu nimeifuta. Ile ya siku ya 22 nitaiweka nzima, na dafu na kila kitu.

Jumamosi, baada ya alfajiri, natoka Fort Jesus mpaka Nyali Bridge na kurudi. Ile 21 niliyowaahidi bado, mwili haujawa tayari na sitausukuma kwa ajili ya komenti. Nitakuwa na chupa ndogo, nitasimama kila baada ya muda ninywe funda moja. Anayetaka kuja aje, hata akitembea.

Na wewe wa siku ya sita: nimekujibu kule, nimekuomba msamaha, na nimekuomba ule leo na uende ukaonwe na daktari. Bado nangoja uniambie umekula nini.