Umri wa vunjajungu

Jamani, mkihesabu umri wa vunjajungu mnayemfuga, msianzie siku mliyomkamata. Kwa kawaida mdudu huyu hamalizi zaidi ya mwaka mmoja tangu aanguliwe. Ukimwokota porini ana mabawa kamili, basi ni mtu mzima: ameshajivua ngozi mara kadhaa na hatajivua tena. Miezi yake mingi imekwisha kabla hamjaonana.

Dume, yule mwembamba anayefuata taa usiku, huondoka mapema. Jike hudumu zaidi, hutaga mayai ndani ya povu linalokauka likawa gumu, kisha huanza kuchoka.

Wangu alikuwa jike. Nilikaa naye wiki saba. Alipofariki jirani akaniambia nimemuua kwa kumfungia ndani. Sidhani. Alikuja kwangu mzee, akakataa panzi wiki ya mwisho, akaenda.

Lakini aliacha povu kwenye kijiti. Nimekifunga kijiti hicho kwenye mti wa mpera uani. Ikiwa alikuwa amekutana na dume huko alikotoka, watatoka watoto kwa makumi. Wenye vyungu mjiandae!