Maji Ndani ya Jamvi

Jamvi la zege hupata unyevu kwa njia mbili: maji yanayopanda kutoka ardhini, na maji yaliyochanganyiwa zege lenyewe. Ardhi ndiyo hulaumiwa zaidi, mara nyingi kwa kuonewa. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, fundi sakafu aliyeanza kama saidia fundi Tanga kisha akahamia Dar es Salaam, aliitwa hata ghorofani, ambako ardhi haihusiki kabisa, akakuta mpira wa sakafu umefura na kuachia. Chini yake gundi ilikuwa uteute wa manjano wenye harufu kali: maji yanapopanda hubeba alkali ya saruji, nayo huila gundi.

Saruji hufunga maji yapatayo robo tu ya uzito wake. Mafundi humwaga maradufu au zaidi ili zege liteleze vizuri kwenye toroli, na ziada hiyo haina pa kutokea ila juu. Kanuni ya kazini husema milimita 25 za unene hukauka kwa mwezi; jamvi la milimita 100 lingoje miezi minne. Pwani wakati wa masika kanuni hiyo haina maana, kwa kuwa hewa yenyewe imeloa.

Maji ya ardhini huzuiwa kabla ya kumwaga zege: mawe, mchanga wa kusawazisha, kisha nailoni nzito ya geji 1000. Nailoni hiyo ni rahisi kuliko dawa zote zinazouzwa baadaye, lakini hutobolewa na nondo mbele ya macho ya msimamizi. Mchanga wa ufukweni huongeza balaa. Chumvi yake hujitokeza kama unga mweupe kwenye viungio vya vigae, mwenye nyumba akipiga deki asubuhi unarudi jioni.

Kipimo cha haraka ni kipande cha nailoni cha sentimita 45 kila upande, kikifungwa kwa utepe usiku kucha. Matone yakionekana, kazi isimame. Yasipoonekana, bado si ushahidi, kwani nailoni husoma uso tu. Kipimo cha kuaminika hutoboa jamvi hadi asilimia 40 ya kina na kupima unyevu wa hewa ndani ya tundu. Gundi nyingi hutaka usizidi asilimia 75 hadi 85.

Jamvi la mteja asiyeweza kungoja hupakwa epoksi ya kuzuia unyevu, baada ya uso kusagwa kwa mashine. Ikipakwa juu ya vumbi au rangi ya zamani, hubanduka pamoja nayo.